Pambo la Mwanamke na Kuligeuza Umbile

Watu wanaouchunguza Uislamu huuliza: Je, dini hii inamnyima mwanamke haki ya kujipamba? Haimnyimi hata kidogo. Katika Sura Al-Aaraf, Qur'an Tukufu inawakemea wale wanaoharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja Wake. Basi akina mama wa Bagamoyo, Kaole na Saadani wapakapo hina, wajisuguapo liwa na kujifukiza udi, hawatendi dhambi yo yote. Singo humtakasa bibi arusi, wala haimgeuzi kuwa mtu mwingine.

Lakini mkorogo ni jambo jingine. Mwenye kuutumia hajipambi, bali anaifuta rangi aliyopewa na Muumba wake. Sura Ar-Rum inazihesabu tofauti za lugha na rangi zetu kuwa Ishara za Mungu. Je, yafaa mtu aione haya Ishara ya Mungu iliyo usoni pake?

Tena madhara yake ni dhahiri. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu huizuia ngozi isitengeneze rangi, kisha hupenya mwilini na kuharibu figo. Na mama akiwa mja mzito, humfikia hata mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliufanya mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni.

Je, upasuaji nao wote umekatazwa? La. Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani. Akatengeneza pua ya fedha, ikanuka. Ndipo Mtume Mtukufu s.a.w. akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu si pambo la wanaume. Hivyo mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, au mama aliyeungua moto, na atibiwe. Lakini aliye mzima asijitie kisuni ili afanane na picha.

Wengine hudhani kwamba dawa ni nguvu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga marufuku sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua kuanzia Januari 1969. Wanawake wakasumbuliwa mabarabarani Dar es Salaam. Lakini zaidi ya nusu karne imepita, na mkorogo ungali unanunuliwa.

Sababu ni kwamba ugonjwa hauko katika ngozi tu, bali pia katika jicho la mtazamaji. Sura An-Nur inawaamuru kwanza wanaume wainamishe macho yao, ndipo inawaamuru wanawake. Basi ndugu yangu, uendapo kuposa ukamwuliza mshenga kama binti ni mweupe, tambua kwamba umekwisha kumkorogea mkorogo kwa ulimi wako. Mtume s.a.w. alitufundisha kumchagua mke kwa dini yake, na kwamba Mungu hatazami sura zetu, bali mioyo na matendo yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuuona uzuri alioumba Yeye. Amin.