Je, Asiyekuwapo Aweza Kuhukumu?

Wako watu barazani ambao wakisikia kuwa majabali ya Mwanza yaliganda zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, husema, "Nani alikuwapo akaona? Huko ni kudai elimu ya ghaibu, na mdai ghaibu amekufuru." Neno la kufuru si dogo, humrudia aliyelitamka ikiwa mwenziwe hanalo. Basi na litazamwe.

Madhehebu ya Imamu Shafi'i yamkubali qaifu, naye ni mtu atambuaye nasaba kwa kutazama viungo. Mujazziz al-Mudliji aliona nyayo za Zaid na Usama, vichwa vyao vimefunikwa, akasema kuwa nyayo hizo zatokana. Mtume, rehema na amani zimshukie, akafurahi. Mujazziz hakuwapo Usama alipozaliwa, wala hakudai ghaibu. Alisoma athari.

Na jiwe lina nyayo zake. Graniti ilikuwa uji wa moto chini ya ardhi. Ikipoa, madini yake hayagandi pamoja: ulanga mweusi na baadhi ya felspa hutangulia, zikajenga pande zilizonyooka kwa kuwa nafasi ipo, kwatzi huja nyuma, ikajibana katika mianya iliyosalia, haina umbo lake yenyewe. Mwaka 1785, huko Glen Tilt, Scotland, James Hutton aliona mishipa ya graniti imepenya mwamba mwingine. Wengi wa zama zake walishika kuwa graniti ndiyo mwamba wa kwanza, ulioganda katika maji ya bahari. Lakini aingiaye nyumbani hatangulii nyumba.

Hata hivyo, qaifu hakubaliwi ila baada ya kujaribiwa: huonyeshwa mtoto pamoja na wanawake ambao mamake hayumo, kisha na ambao yumo. Elimu ya mawe nayo ilijaribiwa. James Hall, rafiki wa Hutton, aliyeyusha mwamba mweusi tanuuni, akatangaza mwaka 1798: ukipozwa upesi ulitoka kioo, ukipozwa polepole ulirudi kuwa jiwe la punje.

Ama adhaniye kuwa umri wa jiwe wamwondoa Muumba, naye amepita mpaka. Nyayo zilieleza nasaba tu.

Imebaki hesabu ya miaka. Ndani ya graniti mna punje ndogo za zirkoni zilizofungia urani tangu kuganda, nayo hugeuka risasi kwa mwendo ujulikanao. Urani hiyo ni aina mbili: moja nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 4,468, ya pili kwa miaka milioni 704. Basi punje moja hutoa mashahidi wawili. Wakipatana hukubaliwa, wakihitilafiana hutafutwa sababu.