Ustaarabu Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Miongoni mwa maswali yanayomfikia mtu anayechunguza dini, liko moja lisilohusu sala wala saumu, bali lahusu heshima ya wazee wake. Jamaa zake humwambia: "Ukiifuata dini hiyo utakuwa umewakana babu zako, kwani wenye dini hiyo husema kuwa babu zako hawakuwa na kitu mpaka wageni walipowaletea ustaarabu." Mwingine, akitaka kumtetea, hujibu: "La, wazee wetu walikuwa na majumba ya mawe na sarafu zao wenyewe, wala hawakupungukiwa na kitu." Maneno haya mawili yaonekana kupingana, kumbe yamesimama juu ya msingi mmoja. Yote mawili yanapima thamani ya wanadamu kwa mawe na mali. Basi inatupasa kwanza tuitazame historia yenyewe ilivyo, kisha tuulize kama kipimo hicho ni cha haki.

Neno letu lenyewe limebeba hukumu ndani yake. Kustaarabu, kwa asili ya neno, ni kuwa kama Mwarabu. Na watu wa miji ya pwani waliokuwa wakijiita waungwana waliwaita watu wa bara washenzi. Sisi tuliozaliwa Mlandizi, katika nchi ya Wakwere na Wazaramo, tunalifahamu jambo hili vyema, kwa kuwa kwetu ni karibu na Bagamoyo, na misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka huko kwenda bara ilipita katika ardhi hii. Mkwere aliyelima mtama wake karibu na mto Ruvu aliitwa mshenzi na mtu wa mwendo wa siku chache tu kutoka kwake, ambaye lugha yake ilikuwa ndugu ya lugha ya Mkwere huyo, na ambaye pengine bibi yake alitoka katika kijiji kile kile.

Je, ardhi inasema nini? Kurani Tukufu, katika Sura Rum na mahali pengine, inatuhimiza tusafiri katika nchi tukatazame mwisho wa wale waliotutangulia, ambao walilima ardhi na kuijenga. Hii ni amri ya kuchunguza, na wachunguzi wa mambo ya kale wamefanya kazi kubwa katika pwani yetu.

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 chini ya magofu ya msikiti wa mawe. Wakakuta msikiti mwingine chini yake, na chini ya huo mwingine tena, hata wakafikia alama za nguzo za miti za jengo dogo la udongo la karne ya nane. Kumbe Waislamu wa kwanza wa mahali hapo walimsujudia Mwenyezi Mungu katika kibanda cha miti, ndani ya kijiji cha watu waliofinyanga vyungu vyao na kufua chuma chao. Mawe yalikuja baadaye sana. Vyungu vya namna hiyo, vyenye michoro ya pembetatu, vimeonekana pwani nzima na pia mbali na bahari, hata Dakawa kaskazini ya Morogoro, pamoja na mabaki ya ufuaji wa chuma. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya uchunguzi wake katika mkoa wetu wa Pwani, ameonyesha kuwa miji ya pwani ilichipuka kutoka kwa wakulima na wahunzi wa nchi hii hii. Tena katika nchi ya Wahaya, karibu na ziwa Viktoria, chuma kilikuwa kikiyeyushwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Hao hawakungoja mtu avuke bahari awafundishe moto.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mwaka 1000 au karibu na hapo walikuja watu kutoka ng'ambo, wakaoa na kukaa. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa na Manda. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili: upande wa mama wengi walikuwa Waafrika, na upande wa baba wengi walikuwa watu wa Asia, hasa Waajemi. Basi hadithi za wazee kuhusu Washirazi hazikuwa uzushi mtupu, wala haikuwa kweli kwamba wageni ndio waliojenga kila kitu. Wageni walikuta vijiji, lugha, chuma na mashamba, na Uislamu wenyewe ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Aliyedai kuwa yote yalitoka nje alikosea, na anayedai leo kuwa hakuna kilichotoka nje amekosea vile vile.

Ndugu msomaji, wapo waliotumia upotovu wa historia kama silaha. Watawala wa kikoloni wa Rhodesia walipendelea kusema kwamba kuta kubwa za Zimbabwe zilijengwa na watu wengine, si Waafrika, ingawa wataalamu David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walikwisha thibitisha kuwa ni kazi ya wenyeji. Mtu akikubali kuwa babu zake hawakuweza kujenga, ni rahisi kumwambia kuwa yeye naye hawezi kutawala. Kwa hiyo kuijua historia ya kweli ni sehemu ya kuilinda heshima ya mwanadamu, wala hakuna dini ya kweli inayomtaka mtu awadharau wazazi wake ili amtii Mungu.

Hata hivyo uko mtego wa pili, nao ni mgumu zaidi kuuona kwa sababu unapendeza. Huo ni mtego wa fahari. Tukisha kuthibitisha kuwa majumba yalikuwa yetu, tunadhani kazi imekwisha. Tutazame basi jumba kubwa kuliko yote.

Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya kumi na nne, ilikuwa ikitajirika kwa dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe na kupitia Sofala. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alijenga jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane, na Msikiti Mkuu ukapanuliwa. Sarafu yenye jina lake imepatikana katika magofu ya Zimbabwe kubwa yenyewe. Mwaka 1331 alifika msafiri mashuhuri Ibn Battuta kutoka Morocco, akausifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri, akawasifu watu wake kwa dini, na sultani kwa ukarimu, hata akaitwa Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa.

Ibn Battuta asimulia kisa kimoja ili kuonyesha ukarimu huo. Siku ya Ijumaa, sultani alipotoka msikitini, alisimamishwa na fakiri wa Yemen aliyemwomba nguo alizozivaa. Sultani hakumfukuza. Alirudi, akavua nguo zake, akampa. Watu wakamsifu sana kwa unyenyekevu huo. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa yule fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Msomaji asipite hapa kwa haraka. Watu ishirini walitolewa zawadi siku hiyo, na hakuna aliyeandika jina la hata mmoja wao. Walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe aeleza kwamba sultani alikuwa na desturi ya kwenda kuteka nyara katika nchi za Wazanji, na kwamba alitenga sehemu ya tano ya nyara kwa ajili ya matumizi yaliyotajwa katika Kitabu. Sehemu ya tano ilitengwa kwa uangalifu, bali sehemu zote tano zilitoka katika vijiji vya watu ambao msafiri hakutaja kosa lao lolote. Na kuwashambulia watu wasiokushambulia hakuwi jihadi kwa sababu tu mshambuliaji anasali. Yawezekana kabisa kuwa miongoni mwa wale ishirini walikuwamo watu wa bara ya pwani hii, waliojua kufinyanga vyungu na kufua chuma kama wale wa Shanga na Dakawa. Fakiri alivikwa, na wengine wakavuliwa uhuru wao, na kisa chote kikaandikwa kama sifa.

Wala jambo hili si la Kilwa peke yake. Baghdad ya Makhalifa wa Kiabbasi ilikuwa taa ya dunia kwa elimu, na humo al-Khwarizmi aliandika hesabu ambazo dunia inazitumia mpaka leo. Lakini katika zama zile zile, karibu na Basra, maelfu ya watumwa walioitwa Zanji walikuwa wakisomba udongo wa chumvi ili mashamba ya wakubwa yapate kulimika, hata wakaasi mwaka 869, na vita vyao vikaendelea mpaka mwaka 883. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, Waazteki waliujenga mji wa Tenochtitlan katikati ya ziwa, wenye masoko makubwa na mfereji wa maji safi, lakini juu ya mahekalu yake wanadamu walichinjwa kuwa sadaka. Wahispania waliouangusha mwaka 1521 walidai kuwa wameleta nuru, kisha wakawatumikisha wenyeji hata wengi wakaangamia. Na Wareno walioiteka na kuipora Kilwa mwaka 1505 walisimamisha msalaba juu ya nchi waliyoipora. Kila mmoja alikuwa na mawe, na maandishi, na jina la Mungu ulimini.

Huenda mtu akasema: "Usiwahukumu watu wa kale kwa sheria ya leo. Utumwa ulikuwa desturi ya ulimwengu mzima." Hoja hii ina uzito, na ni kweli kuwa sisi hatukuwekwa kuwa mahakimu wa wafu. Lakini kipimo tunachokitumia si cha leo. Sura Balad, iliyoteremshwa Makka karne saba kabla ya safari ya Ibn Battuta, yaeleza kwamba njia ngumu ya kupanda mlima wa wema ni kumwacha huru mtumwa na kumlisha yatima na maskini siku ya njaa. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu, na Bilal Mhabeshi, aliyekuwa mtumwa, akainuliwa kuwa mwadhini wake. Basi sultani wa Kilwa alikuwa na kipimo hicho mkononi mwake. Tukimpima kwacho, tunampima kwa Kitabu alichokisoma mwenyewe.

Tena kipimo hicho hakikuwa kigeni kwa nchi hizi. Mwanahistoria al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri katika bahari yetu yapata mwaka 916, aliandika habari za Wazanji ambao hawakuwa na sheria iliyoandikwa. Anasema kuwa walikuwa na ufasaha wa lugha, na wahubiri waliosimama mbele ya watu kuwahimiza wamtii Mola wao na kuwakumbusha wazee wao waliotangulia. Na juu ya mfalme wao aeleza kwamba walimchagua ili awahukumu kwa uadilifu. Akidhulumu na kuiacha haki, walimwua, na uzao wake ukanyimwa ufalme, kwa kuwa mwenye kudhulumu hakustahili kuitwa wa Mungu. Hatusemi kwamba kumwua mfalme ni jambo jema. Lakini watu hao, ambao majumba yao yalikuwa ya miti na majani, walijua kuwa utawala husimama kwa haki na huanguka kwa dhuluma.

Hapa ndipo swali letu linapopata jibu. Kama ustaarabu ni mawe, basi Husuni Kubwa inashinda. Kama ustaarabu ni mtu kuwa salama mbele ya mwenye nguvu kuliko yeye, basi watu wale walioitwa washenzi walikuwa na fungu lao kubwa ndani yake, na sultani mkarimu alikuwa na deni. Haina maana kwamba mawe ni kitu kibaya. Elimu, ujenzi na biashara ni neema, na amali ya fundi wa Kilwa ni ya kuheshimiwa. Lakini neema huulizwa ilitumiwa vipi, na wa kwanza kuulizwa ni yule aliyekuwa chini kabisa katika mji huo.

Kwa hiyo, ewe ndugu unayechunguza, usiogope kwamba ukiikubali haki utawakana babu zako. Lililokuwa jema kwao, dini ya kweli inalithibitisha. Lililokuwa dhuluma, hata wao walilijua kuwa dhuluma. Sura Hujurat yatufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tufahamiane, na kufahamiana hakuwezekani kwa mtu anayejidharau, wala kwa mtu anayejivuna.

Na kwa kuwa mashimo ya wachimbaji yanatupa habari za watu waliopita, tufikirie watakaochimba mahali petu. Hawatasikia mawaidha yetu. Wataona nyumba zetu, na pengine wataona chumba cha nyuma alimolala binti wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ukubwa wake na kama kilikuwa na dirisha. Kwa chumba hicho watajua kama sisi tuliosali mara tano kwa siku tulikuwa watu waliostaarabika. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waadilifu kwa walio chini yetu kabla hatujaulizwa. Amin.