Mikono Inayoinuliwa Katika Sala

Kama Mungu anazijua siri za moyo, ya nini kuinua mikono tunaposali? Swali ni la haki, na jibu lake haliko upande wa Mungu, bali upande wa anayesali. Viganja vilivyo wazi, vikielekezwa juu, havishiki silaha wala mali; aliye navyo anakiri kwa mwili wake kwamba ni mwombaji. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, Musa anainua mikono kilimani huku Israeli wakipigana na Amaleki. Ikishuka, adui anapata nguvu. Haruni na Huri wanamkalisha juu ya jiwe, wanaitegemeza mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua linazama. Hapo naona jambo zito: hata nabii alichoka, akahitaji kushikiliwa na wenzake.

Wapo wanaosema ishara huzaa unafiki. Inaweza, na katika Mathayo 6 Yesu aliwakemea wanaosali ili waonekane. Lakini alichokemea ni kutafuta watazamaji, na hata aliyekaa kimya anaweza kuwatafuta. Tena, ishara si sharti la kusikilizwa. Hata miongoni mwa Waislamu taratibu hutofautiana: wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani yetu, huinua mikono wanapohirimia sala na wanapokwenda rukuu. Wa madhehebu ya Hanafi, katika sala za faradhi za kila siku, huinua mwanzoni tu, na kwa kawaida hakuna anayebatilisha sala ya mwenzake. Asiyeweza kuinua mikono kwa ugonjwa hapungukiwi kitu. Mwenye uwezo asiidharau ishara hii, kwa kuwa Mungu hakumuumba roho tupu.