Mgao wa Seva na Haki ya Jirani

Kwenye seva ya pamoja, tovuti nyingi hugawana prosesa na kumbukumbu za mashine moja. Roboti za mtandaoni zikiivamia mojawapo, nyingine zote huweza kulemewa bila kosa lolote. Ndiyo maana kampuni nyingi hutumia CloudLinux, mfumo endeshi unaomwekea kila mpangaji kiwango chake. Akimaliza mgao wa prosesa, tovuti yake huzorota. Maombi yanayoingia kwa pamoja yakizidi, wageni hupokea kosa namba 508.

Je, mpangaji huyo amedhulumiwa?

Mgogoro wa mali ya pamoja si mpya. Mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin alidai kwamba malisho yasiyo na mwenyewe huishia kuharibiwa, kwa kuwa kila mfugaji huongeza ng'ombe mmoja zaidi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu huweza kujiwekea mipaka na kuilinda. Alitaja kijiji cha Törbel, Uswisi: kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mtu kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha wakati wa baridi.

Oman inatoa mfano ulio karibu zaidi na seva. Maji ya falaj, yaani mfereji wa pamoja wa umwagiliaji, hugawanywa kwa muda: mchana wakulima walipima zamu kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Maji ya kunywa hutangulia, mashamba hufuata. Prosesa nayo hugawanywa kwa vipande vya muda, na anayezidisha hula zamu ya mwenzake. Kumzuia ni haki kabisa.

Dhuluma iko kwingine. Mkulima wa falaj anaijua zamu yake. Mpangaji wa seva huuziwa huduma "isiyo na kikomo", huku kikomo cha prosesa kikijificha ndani ya masharti marefu. Muuzaji anategemea kwamba wengi hawatatumia walicholipia. Fiqhi ya Kiislamu inayo hoja nzito hapa, kwani inakataza gharar, yaani biashara ambayo mnunuzi hajui hasa anachonunua.

Mpangaji naye ana wajibu: awashe kache ili kurasa zisijengwe upya kwa kila mgeni, apunguze programu-jalizi, azuie roboti. Lakini atapangaje matumizi ambayo hajui kipimo chake? Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, kampuni nyingi humwonyesha takwimu za mgao wake akishalipa. Haki yake ni kuziona kando ya bei, kabla hajatoa hata shilingi.