Mcheza Kwao na Deni la Mtazamaji

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wengi huipokea methali hiyo kama sifa ya nyumbani: aliye kwao hakosi wa kumshangilia. Lakini ndani yake mna jambo lililofichwa. Methali inamtaja anayecheza, na inataja mahali anapochezea, wala haimtaji anayetuza. Kitenzi kimewekwa katika hali ya kutendwa, na mtendaji amebaki gizani pamoja na hadhira. Ni nani huyo? Na kutuza kwake ni hisani, aitoe au aizuie apendavyo, au ni deni?

Unguja swali hili halisumbui sana, kwa kuwa yapo majengo yanayolijibu kwa niaba ya watu. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa, ina jukwaa na ngazi za kukalia, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limefanyika humo mara nyingi. Vikundi vya taarabu navyo vina umri wa kutosha kuitwa taasisi: Ikhwani Safaa tangu 1905, Culture tangu 1958. Mtu husoma tangazo la onyesho lijalo, hununua tiketi, huingia, husikiliza, huenda zake. Aliyelipa mlangoni hujiona amemaliza. Hapo jengo humficha mtuzaji kama methali inavyomficha.

Basi na livushwe bahari swali hili, lipelekwe Handeni na Korogwe, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Tanga, ambako muziki haukungoja ukumbi wenye jina. Historia ya uwanja wa michezo huko ni historia ya viwanja vya vumbi, vivuli vya miembe na kambi za mashamba. Pasipo mlango wala tiketi, uhusiano wa mchezaji na mtazamaji huonekana wazi zaidi.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na kando ya reli ikasimama mikonge. Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo, na wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali: Unyamwezi, Uha, Urundi, Umakonde. Waliitwa manamba, kwa kuwa daftarini mtu alihesabiwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa jina. Kazi ilipokwisha, watu hao walipiga ngoma za walikotoka. Hata mjini Tanga, bendi mashuhuri ya Jamhuri Jazz, mshindani wa Atomic Jazz, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina lililobeba kumbukumbu ya safari hiyo ndefu.

Je, manamba aliyecheza Korogwe alicheza kwao? Kwa ramani, la. Mama yake hakuwapo, wala mizimu ya ukoo wake haikuzikwa hapo. Lakini alipoanza kuimba na mwenzake akaitikia, namba ile ilirudi kuwa jina. Huenda basi neno "kwao" katika methali halina maana ya mahali pa kuzaliwa. Kwao ni popote ambapo yupo mtu anayejiona anadaiwa na mchezo wako. Mtuzaji ndiye anayepafanya mahali pawe kwao, na pasipo yeye hata mzawa hucheza ugenini. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha Kenya, na huko jina la Simba Wanyika likakua. Sababu za mtu kuhama ni nyingi, wala si haki kuutwika mji lawama zote. Hata hivyo kila mji una haki ya kujiuliza waliondoka wangapi bila mtu kugundua kwamba wameondoka.

Hapa yafaa kutenganisha bei na deni. Bei hutajwa kabla, hulipwa, ikaisha, na muuzaji na mnunuzi huachana wakiwa wageni kama walivyokutana. Deni la ngoma halina tarakimu. Katika ngoma za viwanjani, kama selo ya Wazigua na mdumange wa Wasambaa, kiitikio si pambo la wimbo, bali ni nusu yake. Mwimbaji akianzisha na watu wakanyamaza, hakuna wimbo uliokamilika. Katika taarabu naye anayetuza huinuka kitini, huenda akicheza hadi kwa mwimbaji, na pengine ujumbe wa ubeti anautuma kwa mtu aliyeketi safu ya tatu. Mwimbaji huona, hurudia ubeti ule, hurefusha. Mtazamaji amekwisha kuwa mtungaji mwenza, na mtungaji hawezi kusema kwamba hayamhusu.

Itajibiwa kwamba haya ni maneno ya watu walioshiba. Katika kijiji cha Handeni, mwaka ambao mvua imekuwa haba na mahindi yamekaukia shambani, mzee anayemwoza binti yake hana fedha za kukodi bendi. Hukodi spika mbili na kijana mwenye kompyuta, na harusi ikachangamka. Nani atamlaumu? Tena mashine imetenda wema ambao ngoma isingeweza. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na ni kwa santuri zile sauti yake inasikika hata leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1950. Zaidi ya hayo, ngoma ya ana kwa ana ina ukatili wake. Noti zinapoanza kuhesabiwa hadharani, maskini huona haya kuinuka, na tuzo iliyokuwa shukrani hugeuka mashindano ya mifuko.

Hoja hizi ni nzito. Lakini ya mwisho inalaani bei iliyovaa kanzu ya deni, wala hailigusi deni lenyewe. Mtoto aliyesimama nje ya ua, asiye na kiingilio, akaukariri wimbo na kesho yake akauimba kisimani, ametuza kuliko tajiri aliyemwaga noti huku akitazama saa. Na mashine, kwa wema wake wote, ni mtunzaji na haiwezi kuwa mtuzwaji. Santuri haichoki, haioni haya, haitambui kwamba ukumbi ni mtupu. Haimwombi msikilizaji chochote, na asiyeombwa kitu kwa muda mrefu husahau namna ya kutoa.

Handeni penyewe pana ushahidi wa uzito wa jambo hili. Katika karne ya 19 njaa na biashara ya utumwa viliwapeleka Wazigua wengi hadi Somalia. Waliotoroka walijificha katika misitu ya bonde la Mto Juba, na simulizi zao humtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko walikaa karibu karne moja na nusu. Vita vilipozuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu, baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia. Walifika wakisema Kizigua, na wenyeji wakawaelewa.

Watu hao hawakuwa na jukwaa la mawe wala kabati la santuri. Lugha iliyovuka miaka ile yote ilivuka kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu wa kusema na mtu wa kuitikia. Kama kizazi kimoja tu kingeona kwamba kuitikia ni hiari, kingeacha bila dhambi yoyote inayoonekana, na Chogo wangefika wageni. Ndilo deni linalozungumzwa hapa: halina mdai mahakamani, na asiyelilipa haadhibiwi yeye, bali huadhibiwa wajao.

Kwa hiyo wajibu wa halmashauri wa kutouza kila kiwanja kikawa maduka ni wajibu wa kweli, na wajibu wa kuzitunza kumbi kongwe za visiwani ni wa kweli pia. Lakini jengo hutunzwa ili watu wapate pa kulipia deni, haliwalipii. Siku gari la matangazo litakapopita sokoni Korogwe na kusema kwamba Jumamosi pana muziki, mchuuzi wa machungwa atainua kichwa na kusema, "Inshallah, tutakuja." Neno hilo ni jepesi mdomoni. Lakini ahadi ni deni, na usiku wa Jumamosi yupo mtu atakayesimama mbele ya viti, akivihesabu.