Fardhi Tuliyomwachia Mama Mmoja

Fikihi ya Kiislamu inaugawa wajibu wa mwanadamu mafungu mawili, na mgawanyo huo unaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kukaa darasani mbele ya shehe. Ipo fardhi aini, inayomdai kila mtu peke yake: huwezi kumsalia mwenzako sala yake, wala kumfungia saumu yake. Ipo pia fardhi kifaya, inayoudai mji mzima. Wakiitimiza baadhi, waliobaki wamesalimika. Ikiachwa, dhambi ni ya wote. Mfano unaotolewa kila mara ni wa maiti. Kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa ni haki yake juu ya walio hai, awe ndugu yao au asiwe. Ndiyo maana hata katika mitaa yetu iliyo maskini kabisa hakuna mjane anayeachiwa kumchimbia mumewe kaburi. Jeneza la msikiti linatolewa, daftari la michango linapita, turubai linafungwa, masufuria yanatoka nyumba hii na ile, na jirani Mkristo anashika jembe bila kuombwa, kama Waislamu nao watakavyolishika siku msiba ukiwa kwake. Swali langu ni hili: mtu aliyerukwa na akili, naye bado yu hai, yumo katika fungu lipi? Nasema kumtunza ni fardhi kifaya kwa maana yake kamili, na kwamba sisi tumeigeuza ikawa fardhi aini ya mtu mmoja, mara nyingi mama yake. Mengi yanayotutia aibu katika matunzo ya wagonjwa hawa yameanzia hapo.

Fikra hii haikuzaliwa jana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaitaja tiba waziwazi miongoni mwa fardhi kifaya katika Ihyaa Ulumid-Din, na analalamika kwamba wanafunzi wa zama zake wanarundikana kwenye elimu ya mabishano ya fikihi ilhali miji mingi haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya masilahi ya miili na nafsi, akieleza huzuni, hofu na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba, na akiwalaumu matabibu walioshughulikia miili na kuziacha nafsi. Mjini Kairo, Sultani Qalawun alijenga katika miaka ya 1280 hospitali kubwa iliyokuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na gharama zake zililipwa na mapato ya wakfu. Hilo la wakfu nalipa uzito mkubwa, kwa sababu linaonyesha kwamba fardhi ya wote haikuachwa ining'inie kwenye huruma ya mpita njia. Iliwekewa nyumba, mashamba na maduka yanayozaa fedha. Na aya ya 5 ya Sura An-Nisaa, inayohusu watu wasioweza kusimamia mali zao, inawasemesha waumini kwa wingi: wawalishe, wawavishe, na wazungumze nao kwa wema. Kuwasemesha vizuri kumewekwa safu moja na chakula na nguo.

Linganisha na hali ilivyo kwetu. Kijana anaanza kusikia sauti, anakesha usiku, anaacha chuo. Juma la kwanza watu wanakuja kumjulia hali. Juma la tatu wanapita upande wa pili wa barabara. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma. Kwa familia ya Kigoma au Mtwara hiyo ni safari ndefu na nauli kubwa, pamoja na mgonjwa ambaye pengine hataki hata kupanda basi. Akirudi ametulia, anahitaji vidonge kila siku au sindano kila mwezi, anahitaji mtu wa kumkumbusha, na anahitaji mtu wa kukaa naye mama anapokwenda kuuza sokoni. Mtu huyo wa mwisho hayupo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wagonjwa wa akili wanafungwa kwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60, na Kenya ni mojawapo. Wapo wanaowafunga kwa biashara, katika vituo vya uponyaji vinavyotoza ada, nao sina la kuwatetea. Lakini mnyororo wa nyumbani mara nyingi umefungwa na mtu aliyeishiwa: hana dawa, hajalala, ana watoto wengine, na hana wa kumpokea zamu. Anayemlaani mama huyo aseme kwanza yeye alikuwa wapi.

Je, mji ukishiriki, mgonjwa anapata nafuu kweli, au haya ni maneno mazuri tu ya mimbarini? Ushahidi upo, na sehemu kubwa ya ule ulio bora umetoka Afrika. Mwaka 1954, huko Abeokuta nchini Nigeria, Dakta Thomas Adeoye Lambo hakusubiri majengo ya hospitali ya Aro yakamilike. Aliwapangishia wagonjwa vyumba katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumwangalia. Wakatibiwa na madaktari, kisha wakarudi kupika, kulima na kuzungumza na watu wengine. Wenyeji walipata kodi ya vyumba vyao, na Lambo hakuona haya kushirikiana na waganga wa jadi. Hakuwa mtu wa pembeni, maana baadaye alikuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Nchini Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa ambaye familia yake haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitalini. Alianza mwaka 2006 na wanawake wazee 14 wa kitongoji cha Mbare mjini Harare, akawafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha zahanati 24 na watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi hao walikuwa chini ya asilimia 14, na kati ya waliopata huduma ya kawaida karibu asilimia 50. Mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Vijijini Masaka na Rakai, Uganda, vikundi vilivyoongozwa na wenyeji wasio madaktari vilileta matokeo ya kushangaza vivyo hivyo mwanzoni mwa karne hii. Naongeza tahadhari ambayo wapenzi wa mipango hii huisahau: bibi wa benchini hatibu skizofrenia. Ugonjwa mzito unataka dawa, na dawa inataka muuguzi aliyefunzwa. Kinachofanywa na jirani ni kumwezesha mgonjwa aendelee kuinywa, na awe na maisha ya kuishi baada ya kuinywa.

Wapo watakaosema kwamba nazungumzia hospitali na benchi wakati jambo lenyewe ni la majini au pepo, na dawa yake ni kisomo au maombi. Sina haja ya kuwanyang'anya imani yao, na ushahidi wenyewe hauniruhusu kuidharau. Mwanaanthropolojia Mmarekani Juli McGruder, aliyezitafiti familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia katika miaka ya 1990, aliona kwamba imani ya majini ilimwondolea mgonjwa lawama. Jini linaweza kumpanda yeyote. Basi mgonjwa hakuulizwa kila siku kwa nini hajirekebishi, na siku akitulia alirudi kwenye nafasi yake bila masimango. Hilo linaafikiana na utafiti wa George Brown na wenzake mjini London, waliogundua kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na ugomvi huugua tena upesi kuliko anayerudi kwenye nyumba tulivu. Imani inaharibika pale inapoanza kutafuta mkosaji: shangazi aliyeroga, dhambi iliyofichwa, sadaka isiyotolewa. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno. Hizo zilikuwa siku zao bora. Walipofungua vinywa kumtafutia kosa, walilostahili ni karipio la Mungu, na ndilo walilolipata. Shehe anayemsomea mgonjwa na kumhimiza anywe vidonge anaifuata amri ya Mtume ya kutafuta tiba. Mchungaji anayemwambia atupe vidonge ili athibitishe imani yake anacheza na roho ya mtu, na waumini wake wana wajibu wa kumzuia.

Pingamizi la kwamba haya ni mambo ya ndani ya familia, yanayopaswa kusitiriwa, linajibiwa kwa ufupi. Sitara ni haki ya mgonjwa: asichekwe, asipigwe picha, asitangazwe. Kumficha ndani hadi ugonjwa ukomae ni kuisitiri heshima ya ukoo kwa gharama yake yeye.

Lipo jambo zito zaidi, nalo linaugusa utu wenyewe. Tumezoea kusema kwamba mtu ni watu. John Mbiti aliliweka wazo hilo katikati ya falsafa ya Kiafrika katika kitabu chake cha mwaka 1969, nasi tunaliringia. Mnigeria Ifeanyi Menkiti alikwenda mbali zaidi: kwake mtu hazaliwi akiwa mtu kamili, anaufikia utu hatua kwa hatua kwa kutimiza wajibu wake katika jamii. Basi asiyeweza kuutimiza je? Akiacha kusalimia, akiacha kulima, akiacha kuwajua wanawe, utu wake umepungua? Mitaani jibu limeshatolewa, kwani tunamwita kichaa na jina lake tunalisahau. Naona hapa falsafa yetu ya ujamaa wa utu inaweza kuwa katili kuliko ubinafsi tunaousema wa Wazungu, kama hatutaisoma kwa upande wake wa pili. Kama mtu ni watu, basi mtu anapoanguka, watu ndio wanaodaiwa. Mafundisho ya Mtume yanasema kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili hadi akili imrudie: haandikiwi dhambi. Amesamehewa wajibu wake kwetu. Wajibu wetu kwake haukusamehewa.

Injili ya Marko, sura ya 5, inalionyesha hili kwa namna ninayoiona ya kutisha. Mtu anaishi makaburini, amefungwa pingu na minyororo mara nyingi, anajikatakata kwa mawe. Anapoponywa, watu wa mji wanakuja wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na hapo ndipo wanapoogopa. Walikuwa wamemzoea makaburini. Wanamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Na yule mtu, naye anajua mji wake ulivyo, anaomba aende na Yesu. Anakataliwa. Anaagizwa arudi nyumbani kwa watu wake. Wahubiri wengi huishia kwenye nguruwe waliozama ziwani, lakini kwangu sehemu ngumu ni ile safari ya kurudi. Yesu hakudai kwamba jamaa zake ni wema, tumeshaona walivyo. Alimrudisha kwa sababu uponyaji usiomfikisha mtu nyumbani haujakamilika, na kwa sababu mji ule nao ulikuwa na kitu cha kujifunza kutoka kwake. Anayewatetea wagonjwa kwa kudhani jamii ni pepo ya upole atakatishwa tamaa mapema. Jamii inafundishwa, tena kwa subira.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la wale wanaosema kwamba "jamii" ni neno serikali inalolitumia inapotaka kukwepa gharama. Wana haki ya kuhofu. Katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, kati ya mwaka 2015 na 2016, maofisa wa afya waliwahamisha wagonjwa wa akili zaidi ya 1,300 kutoka vituo vya Life Esidimeni kwenda kwenye mashirika madogo yasiyo na uwezo, mengi bila leseni halali. Walisema wanapunguza matumizi na kutekeleza sera ya kuwarudisha wagonjwa karibu na jamii. Wagonjwa 144 walikufa, wengine kwa njaa, kiu na baridi, na jamaa zao hawakujua hata wamepelekwa wapi. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesikiliza shauri la familia hizo, alitoa uamuzi wake Machi 2018 na kuiamuru serikali iwalipe fidia. Maneno ya sera yalikuwa mazuri. Watu walikufa ndani ya maneno hayo. Lakini fardhi kifaya haimruhusu mwenye uwezo kujificha nyuma ya asiye nao. Panapotokea ajali ya kuzama, wote ufukweni wanawajibika, na mwenye kujua kuogelea anawajibika zaidi. Serikali ndiyo yenye maghala ya dawa, vyuo vya wauguzi na bajeti. Mji hauwezi kuitimiza fardhi hii huku mwenye uwezo mkubwa kuliko wote amekaa pembeni akiusifu mshikamano wa wananchi. Kupeleka huduma kwa jamii bila kupeleka fedha, dawa na usimamizi ni kuwatupa wagonjwa.

Kwa hiyo naomba mambo mahususi. Wizara za afya zihakikishe dawa za msingi za wagonjwa wa akili hazikosekani kwenye zahanati, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe na walipwe kwa kazi hii kama wanavyolipwa kwa nyingine. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ya Zanzibar, na wenye wakfu popote Pwani, watenge sehemu ya mapato kwa ajili ya wagonjwa hawa, kama walivyofanya watu wa Kairo. Kamati za misikiti, jumuiya ndogo ndogo na vikoba vilipe nauli za kliniki na vipange zamu za kukaa na mgonjwa, hata saa tatu kwa juma. Na wewe unayesoma, kama mtaani kwako kuna nyumba ya namna hiyo, nenda ukamuulize mama yule ni siku gani anahitaji kutoka, kisha ukae wewe.