JUMATATU: Machozi na Funguo za Mauti

Soma Mhubiri 9:5, 6, 10 na Yohana 11:1–14, 32–44. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu hali ya wafu, na tumaini lao liko kwa nani?

Kabla ya kupokea Ukristo, watu wa Skandinavia na Iceland walikuwa na imani zao kuhusu wafu. Katika karne ya 13 Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland, alizikusanya hadithi hizo. Anaeleza kwamba waliouawa vitani walikwenda Valhalla, ukumbi wa mungu Odin, ambako walipigana kila siku na jioni kuketi karamuni wakiwa wazima. Waliokufa kwa ugonjwa au uzee walishuka Hel, makao ya huzuni. Basi mama aliyefia kitandani hakuwa na nafasi kwenye karamu ile.

Hata Baldur, mwana wa Odin, alipouawa alishuka Hel. Mjumbe alipotumwa kumwombea, alipewa sharti moja: kila kitu duniani kimlilie. Watu, wanyama, hata mawe yakalia. Jike mmoja wa majitu akakataa, na Baldur akabaki huko.

Maandiko hayawagawi wafu hivyo. Askari na mgonjwa, mfalme na maskini, wote wamelala katika usingizi uleule, wala hawajui neno lolote. Lazaro alikufa kwa ugonjwa, bila upanga mkononi, lakini Yesu alimwita rafiki na kusema kwamba amelala. Kisha Yesu alilia machozi (fungu la 35). Hata hivyo hakungoja ulimwengu wote ulie pamoja naye. Aliita kwa sauti kuu, na aliyekufa akatoka nje.

Soma Ufunuo 1:18 na Yohana 5:28, 29. Nani anazo funguo za mauti, na ni sauti ya nani itakayosikiwa makaburini?

Hata leo wapo wanaompima marehemu kwa namna alivyokufa au kwa wingi wa waombolezaji wake. Lakini ufufuo hautegemei ushujaa wa aliyelala wala machozi ya waliobaki. Unamtegemea Yeye aliyekufa, akafufuka, na sasa yu hai hata milele.

Tafakari: Jirani yako amefiwa na mzazi aliyeugua kitandani kwa miaka mingi. Ukitumia mafungu ya leo, utamwambia nini ili kumfariji?